Misumari Minne ya Bati

Wiki iliyopita niliishia pale bati liliporuka. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ningekuwa mwanawe angenirudisha bweni kwa miguu. Nakubaliana naye. Namwomba tu asubiri kidogo, maana aliyoyasoma yalikuwa manyunyu.

Kwa mgeni, dhambi zangu kwa ufupi ni hizi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Bweni wananiita Kiberiti, kwa sababu ambazo mwalimu wa zamu anazijua. Nilirudi nyumbani likizo nikakuta chumba changu kimekaliwa na binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyeletwa kwetu asome shule ya jirani. Nyumba nzima inasema ana ulimi wa asali. Nami nikamwita Asali, lakini nimekunja uso.

Mimi nikapewa godoro chini ya meza ya Mama ya kukatia nguo, mahali ambapo hata paka wetu alikataa kulala.

Niliona wivu. Sitalipamba neno hilo.

Basi siku moja walipokwenda sokoni nilipanda ngazi, nikang'oa misumari minne ya bati juu ya chumba kile, nikachomeka chupa tatu tupu chini ya bati, midomo ikiuelekea upepo. Nikazikaza kwa soksi yangu kuukuu niliyoichomoa kabatini. Upepo ukipuliza, chupa zilie kama mzuka, Asali akimbilie kwa mama yake, mimi nirudi kitandani kwangu. Mpango ulikuwa umekamilika. Ulipungukiwa na upepo tu.

Nani angenishuku? Nyumbani wanaamini naogopa ngazi. Ni uongo nilioutunga nikiwa na miaka tisa ili nisitumwe kusafisha mifereji ya paa, na nimeulea vizuri hadi umekuwa ukweli wa ukoo.

Siku ya tatu upepo ulikuja, saa kumi jioni, umeleta na ndugu zake wote. Chupa hazikupata hata nafasi ya kulia. Bati liliondoka bila kuaga, mvua ikaingia chumbani, dari ikalala sakafuni, maji yakatoka hadi sebuleni yakakaa kama wageni.

Chupa mbili nilizikuta uani zimevunjika, nikazizika nyuma ya karo. Ya tatu sikuiona. Misumari niliyoitia mfukoni mwa sketi nayo sikuiona. Bati lenyewe hakuna aliyejua lilikoangukia, na mimi katika sala zangu fupi niliomba liwe limeangukia nchi nyingine.

Sasa tuendelee.

Asubuhi ya nne baada ya dhoruba tulikunywa chai uani, kwa kuwa sebule ilinuka dari mbichi. Baba alitandaza hati ya bima mezani, akaweka kikombe kila pembe isipeperuke.

Baba ni msoma mita za maji. "Miaka kumi na tisa nasoma maji ya watu," alisema. "Mwaka huu maji yamekuja kunisoma mimi. Haya, sikilizeni. Mtathmini wa bima anakuja leo. Maji yakipanda kutoka ardhini, hayo ni mafuriko, hatulipwi. Maji yakiingia dirishani au mlangoni tulipoacha wazi, huo ni uzembe, hatulipwi. Lakini upepo wa dhoruba ukifungua paa, maji yakapita hapo hapo, tunalipwa. Bati, dari, nyaya, rangi, vyote."

"Na wakikataa?" Mama aliuliza.

Baba alikunja hati taratibu.

"Wakikataa tunapangisha upande ule. Chumba kile na sebule. Mpangaji atoe kodi ya mwaka, tununue bati."

Upande ule. Chumba kile. Chumba changu! Mpaka asubuhi ile mwizi wa chumba changu alikuwa angalau mtu wa ukoo. Sasa angekuja mtu nisiyemjua, na viatu vyake, na redio yake.

"Mjomba," Asali alisema kwa ile sauti yake ya kumwamsha mgonjwa, "nimezipanga picha. Hizi za kabla, nilizipiga mwezi uliopita siku ya usafi. Hizi za siku yenyewe. Na vipande vya dari sijavitupa, viko kwenye gunia. Hati inasema tusitupe kitu mpaka waje."

Baba alizitazama picha kama mtu anayetazama mwezi mwandamo.

"Umeisoma hati?"

"Mara mbili, mjomba."

"Binti yangu," Baba alisema.

Nilijibu, "Naam, Baba?"

Hakuwa akiniita mimi.

Mama akamalizia kazi. "Mwenzio akitumwa dukani anarudi na chenji. Wewe ukitumwa unarudi na kesi."

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari lakini sikuisikia.

Mtathmini alibisha hodi saa nne. Nilimtegemea bwana mwenye tai na kitambi. Akaingia mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, ngazi ya kukunja begani na kalamu tatu zimechomekwa nyweleni. Kabla hajafika mezani nilikuwa nimeshambatiza Mama Hasara.

"Karibu, mama, karibu. Pole na safari," Baba alisema.

"Pole ni zenu. Mimi nyumbani kwangu kukavu. Nionyesheni."

Alitembea chumba hadi chumba na kidude cha kupimia unyevu, anakigusisha ukutani kama daktari anayesikiliza kifua. Baba alimfuata akitoa maelezo ambayo hayakuombwa. Mama alimfuata Baba, Asali alimfuata Mama na faili lake, nami nikafuata nyuma kabisa, kama kawaida ya likizo ile.

"Mafuriko huuvalisha ukuta soksi," Mama Hasara alisema mwishowe. "Alama inaanzia chini. Ukuta huu umevaa kofia. Maji yametoka juu."

Baba alishusha pumzi. Mimi niliposikia neno soksi nikatazama miguu yangu.

"Nani alikuwa chumbani humu?"

"Mimi, mama," Asali alisema. Akaeleza yote: mlio, mwanga uliotokea juu ghafla, maji. Akatoa picha, akafungua gunia la dari. Kila kipande alikuwa amekiandika kilipoangukia.

Mama Hasara aliacha kuandika. Akamtazama.

"Uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Ninao vijana ofisini wana vyeti ukutani, hawajawahi kuniletea gunia. Ukimaliza shule uje unione. Nasema kweli."

Baba akacheka kwa fahari. Mama akamshika Asali bega. Mkono ule ule, jamani, ulionishonea sare ya kwanza! Ulikaa pale begani kana kwamba umepanga.

Mama Hasara akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

"Mwenye chumba."

"Nilidhani chumba ni cha huyu."

Wasomaji, kuna wakati ulimi wa mtu hutangulia bila kumsubiri mwenyewe. Wangu ulitangulia.

"Dirisha lilikuwa wazi," nilisema.

"Dirisha gani?" Mama Hasara aliuliza.

"Hilo. Siku ya dhoruba. Nilipoingia humu nililikuta wazi kabisa."

Sikudanganya. Nilisema kweli, ila niliikata kichwa na miguu nikaleta tumbo. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: Asali aonekane mzembe mara moja, japo kwa dakika tano, ule mkono uondoke begani.

Na kweli uliondoka.

Mama Hasara alivuta kalamu ya pili nyweleni. Ya wino mwekundu.

"Bwana, hili hukuniambia. Kama dirisha lilikuwa wazi, siwezi kujua maji yapi yaliingia juu na yapi yaliingia hapa. Hati yako iko wazi kwa hilo. Zaidi ya dirisha hilo."

Baba alikuwa amegeuka rangi ya dari. "Mama, paa limefunguka! Tazama juu, ni turubai tulilolirusha kwa kamba!"

"Naona. Lakini siandiki nani mbaya na nani mzuri. Naandika maji yalipita wapi."

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba tawi nililolikata nilikuwa nimelikalia pamoja na ukoo mzima. Nilimrushia Asali jiwe, likampigia mpangaji hodi mlangoni kwetu.

"Ni kweli lilikuwa wazi," Asali alisema. Hakunitazama hata. "Nililifungua mimi. Lakini baada ya bati kuruka, nipitishe godoro na cherehani ndogo ya Mama."

Mama! Si mke wa mjomba. Mama. Miezi tisa nilikaa tumboni mle peke yangu, sikumbuki kumwona.

"Una shahidi?"

"Aliyeingia ni yeye tu."

Macho yote yakaja kwangu. Shingo ya Baba ilikuwa inaniomba.

"Ni kweli," nilisema. "Lilifunguliwa baadaye."

"Wewe umejuaje? Umesema ulilikuta wazi."

"Nilisikia bati likiruka kwanza. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nililiona kutoka nje."

"Ulikuwa nje? Kwenye dhoruba?"

"Uani."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa natazama tu."

"Unatazama nini?"

Nilikuwa natazama paa. Nilikuwa nimesimama kwenye mvua na mdomo wazi nikisubiri chupa zilie. Nikasema, "Natazama mvua."

Mama Hasara alinitazama kwa muda ambao sitausahau. Kisha akaurudisha wino mwekundu nyweleni.

"Dirisha nitalifuta," alisema. "Lakini nalihitaji bati lenyewe. Liko wapi?"

"Hatukulipata," Baba alisema. "Tumetafuta mtaa mzima."

"Ni huzuni kubwa," nikaongeza, kwa uso wa msibani.

"Hodi hapa!"

Sauti ilitoka getini. Alikuwa jirani yetu fundi viatu, mtu mwema kuliko wote mtaani, ambaye kuanzia siku ile sitamsamehe. Kichwani alibeba bati.

"Nimelipata, jirani! Lilikuwa nyuma ya banda langu la kuku, limesimama wima kama mlango. Kuku wawili walikuwa wameshahamia!"

Baba alimkumbatia na bati lake. Wakalilaza mezani uani. Tukalizunguka kama maiti.

"Hata si bovu," fundi viatu alisema, akipitisha kidole. "Mimi ni mtu wa matundu, nayajua. Haya matatu yamechanika, yatupe. Lakini tazama haya manne! Duara safi, kama nimetoboa mimi kwa msharasi wangu wa ngozi. Haya fundi wako atayatumia tena bila shida."

Mungu amzidishie wateja, lakini mbali na kwetu.

Mama Hasara aliinama. Akaingiza ncha ya kalamu katika tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Upepo ukiling'oa bati," alisema polepole, "msumari huchana tundu. Linakuwa kama sikio la mtu aliyevutwa hereni. Haya matatu ni masikio ya hereni. Haya manne hayajavutwa. Bati lilipoondoka, hapa hapakuwa na misumari."

"Maana yake?" Mama aliuliza.

"Maana yake ilitolewa kabla. Nani amepanda juu ya nyumba hii?"

"Hakuna," Baba alisema. "Paa hili lilipauliwa miaka sita iliyopita. Hakuna aliyeligusa tangu siku ile. Naapa."

"Usiape. Tia sahihi." Akatoa karatasi. "Hili ni tamko la mwenye nyumba: kwamba hakuna mtu wa nyumba hii aliyelegeza wala kufungua paa. Kama aliyepaua alisahau misumari minne, hilo lina mjadala na naweza kulitetea ofisini. Lakini tamko likiwa la uongo, halina mjadala. Faili linafungwa, hati inafutwa, na hakuna kampuni nyingine itakayokupokea."

"Lete kalamu," Baba alisema.

"Samahani, mama," Asali aliuliza. "Kama ni mtoto alikuwa anacheza, na mwenye nyumba hajui?"

Nikajisemea, haya, ameanza tena. Hata maswali anauliza ya mtihani.

"Mchezo wa mtoto ukisemwa kabla ya sahihi," Mama Hasara alijibu, "naandika ajali ya nyumbani, wakubwa watapima. Siahidi kitu, lakini mlango unabaki wazi. Ukigunduliwa baada ya sahihi, ni udanganyifu."

Baba alikwishavaa miwani.

Hapo ndipo kaupepo kadogo kalipopita. Kaupepo ka kukaushia soksi, si zaidi. Turubai likainua ukingo wake, na kutoka pembeni mwa paa ukatoka mlio.

Uuuuuuu.

Fundi viatu alirudi hatua mbili. Mama akashika kifua.

Uuuuuu-uuu.

Ilikuwa chupa ya tatu. Siku tatu kabla ya dhoruba niliisubiri ilie, ikakataa. Dhoruba nzima ilikaa kimya. Sasa, mbele ya mtathmini wa bima, ilikuwa inaimba kwa moyo wote. Na wallahi ililia vizuri. Nywele zangu mwenyewe zilisimama.

"Bundi," nilisema.

"Saa tano asubuhi?" Mama Hasara alikuwa ameshafungua ngazi yake. "Bwana, wewe soma tamko lako. Mimi naenda kumwona bundi."

Akapanda. Baba alisogeza karatasi karibu, akaisoma akitikisa kichwa kwa kila mstari, kama mtu anayekubaliana na sala.

Nilisimama palepale. Miguu ilitaka kwenda bweni, bila nauli.

Ndipo nikahisi kitu kiganjani. Kitu baridi, chenye ncha. Asali alikuwa amesimama ubavuni kwangu, anatazama mbele, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Misumari. Sikuhitaji kuhesabu.

"Niliikuta kwenye sketi yako siku ile nilipofua nguo za maji," alinong'ona bila kugeuza shingo. "Nilikusubiri useme. Sema kabla hajashuka."

Siku nne! Siku nne alijua. Alijua asubuhi nilipokunja uso. Alijua nilipomtaja kwa lile dirisha. Neno moja tu lingemtosha kunimaliza, na hakulisema. Unadhani nilishukuru? Niliona wivu. Mimi siri ya mtu sijawahi kulala nayo hata usiku mmoja.

"Kuna chupa hapa!" Mama Hasara aliita kutoka juu. "Imefungwa kwenye mbao kwa soksi. Nyeupe, ya shule. Ina namba imeshonwa. Mia mbili kumi na nne!"

Waliosoma bweni wanajua. Kila nguo ina namba, maana isiyo na namba hairudi kutoka kwenye kamba. Mia mbili kumi na nne ni mimi tangu kidato cha kwanza. Ndivyo ilivyo hali ya mtu aliyefundishwa utaratibu: nilikwenda kufanya uhalifu, nikaacha namba ya usajili.

"Namba ya binti yangu hiyo," Mama alisema. Nikafumba macho.

"Lakini soksi zile," aliendelea, na sauti ikabadilika, "soksi zile zilimbana. Nilimpa binamu yake, mwezi wa pili."

Nikafumbua macho.

Wote walikuwa wanamtazama Asali.

Nitasema kweli, maana safu hii haina faida nyingine. Kwa muda wa pumzi moja niliuona mlango wazi. Ningenyamaza tu. Nisingesema uongo hata mmoja. Asali angepandishwa basi kesho yake, kitanda kingerudi kwa mwenyewe, na mimi ningekuwa sijafungua mdomo.

Kalamu ya Baba ilikuwa imegusa karatasi. Alikuwa anaandika huku akimtazama Asali, mkono unaenda wenyewe kwa mazoea ya risiti za miaka kumi na tisa.

Buti za mpira zikashuka daraja la kwanza. La pili.

Asali aliendelea kutazama mbele.

"Baba, usitie sahihi!"

Kalamu ikasimama. Jina la kwanza lilikuwa limekwishaandikwa. La ukoo lilikuwa na herufi mbili.

"Ni mimi," nilisema. Nikafungua kiganja mezani. Misumari minne ililala juu ya bati, karibu na matundu yake. "Niliing'oa mimi. Chupa niliweka mimi. Nilitaka zimtishe Asali aondoke chumbani kwangu. Sikujua kama bati lingeruka."

Nikasubiri kofi. Nilikuwa nimelipangia hata shavu.

Baba hakuitazama misumari. Alimtazama Asali.

"Nimeuona mkono wako," alimwambia. "Hiyo misumari umempa wewe. Sasa hivi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na soksi ni zako."

"Ndiyo, mjomba. Nilipewa."

"Ndiyo maana uliuliza lile swali la mtoto anayecheza."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, asali ya ulimi wake ilikuwa imegoma kutoka.

"Baba, ni mimi!" nilipiga meza, kuku wa fundi viatu wakajibu kutoka ng'ambo. "Nilipanda ngazi mimi mwenyewe, siku mlipokwenda sokoni!"

"Wewe?" Mama alisema, na sauti yake ilikuwa laini kwa namna niliyokuwa nimeisahau. "Wewe unayetetemeka kwenye ngazi tangu una miaka tisa?"

"Nilidanganya, Mama. Siogopi ngazi!"

"Nyamaza, mwanangu," Baba alisema. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa na maji, na hayo hayakutoka juu wala ardhini. "Kwanza ulimtaja kwa dirisha, kisha ukajirudi ukamtetea. Sasa unataka kumbebea na hili. Nimekuona. Una moyo mzuri, binti yangu. Sikujua kama unao."

Binti yangu. Safari hii alikuwa akiniita mimi.

Na Mama akanyoosha mkono, akaniwekea begani.

Likizo nzima nilikuwa nikiusubiri mkono ule. Ulikuwa wa moto, mzito kidogo, una harufu ya pasi na vitambaa. Nilitaka kuutikisa uondoke. Bega likakataa.

Asali alisimama peke yake upande wa pili wa bati. Chumba changu alikichukua, kiti changu, mama yangu, hata soksi zangu. Na sasa, mbele ya macho yangu, walikuwa wanampa na kosa langu.

Mama Hasara alikanyaga chini. Akaiweka chupa mezani, soksi bado imeizunguka shingoni. Akaitazama sahihi iliyoishia njiani, akaitazama misumari, akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kalamu nyweleni, na sikuweza kuona ilikuwa ya wino gani.

"Haya," alisema. "Mlango bado uko wazi, lakini naandika jina moja tu. La nani?"

Baba akanyoosha kidole, na hakikuja kwangu.